Nyekundu Juu, Nyeupe Chini

Kila mtu Kamukuywa alijua jinsi nyumba inavyopakwa: udongo mwekundu chini, mweupe juu. Mvua ikigonga uwanja, matope huruka ukutani, na tope juu ya wekundu halionekani. Walubengo aliipenda sana akili hiyo. Alikuwa mtu aliyejiinua mwenyewe, kwa kununua kuku vijijini na kuwauza majikoni mwa wazungu wa Kitale, na kitu chenye sababu hakikumsumbua.

Ijumaa moja ya mwaka 1938 akarudi na baiskeli yake, akakuta nyumba yake ni nyeupe chini na nyekundu juu. Akashuka akatazama kama amekosea boma. Hakukosea. Mkewe, Lenah, alisimama mlangoni kama mtu anayengoja mwingine aanze.

Nakhungu, mjane wa jirani waliyemwita kupaka, alikuwa bado anasugua kona kwa kiganja. Miaka ishirini alipaka nyumba za watu, zote sawa, na hakuna aliyemlalamikia. Safari hii, pale ambapo wanawake huburuta vidole kuchora mawimbi, alikuwa amechora watu wanaotembea na miguu mbinguni, ng'ombe mwenye pembe kama ngazi, na mto unaoingia mlangoni mwa kibanda.

"Nakhungu, umelewa?"

"Sijalewa, Baba Nyongesa."

"Si umegeuza nyumba yangu kichwa chini?"

"Nyumba sijagusa. Hii ni nchi ingine. Huko mvua inatoka chini, inapanda. Ndiyo nimeweka nyekundu juu, ishike tope."

Walubengo akawaza. Ubaya ni kwamba ilikuwa na sababu.

Lakini kesho yake shangazi watatu wa Agneta, msichana ambaye mwanawe Nyongesa alitaka kumwoa, walikuwa wanakuja kutoka Kanduyi kukagua boma. Wakitikisa kichwa, Nyongesa angemkosa, maana karani mmoja wa Bungoma naye alikuwa amekwisha kupiga hodi kwa baba ya msichana.

"Futa," akasema.

"Nikifuta sasa, watakuta ukuta mbichi."

"Basi futa upande wa mlango tu."

"Nusu ya nchi? Na watu wa huko waende wapi?"

Mpishi gani wa Kitale aliwahi kumshinda Walubengo kwa maneno? Hakuna. Sasa akaisukuma baiskeli yake ndani, ameshindwa na mwanamke mwenye udongo mpaka kwenye nyusi.

Shangazi wakafika saa nne asubuhi. Mmoja akainamisha shingo upande, akairudisha. Wa pili akauliza, "Ati hapa ndipo kwa Walubengo?" Mkubwa wao, Nekoye, akagusa ukuta kwa kidole, akanusa kidole.

Walubengo alitaka kuomba radhi. Lakini muuzaji hasemi vibaya mali yake mbele ya mnunuzi. Akavaa ule uso wa kuuza kuku mzee kwa bei ya mtetea. "Ni nchi ingine," akasema. "Huko mvua inapanda."

"Na mwanamke wa huko anachota maji wapi?" Nekoye akauliza.

Walubengo akamgeukia Nakhungu, aliyekuwa amerudi asubuhi hiyo kumalizia kona.

"Hachoti," Nakhungu akasema. "Anaweka mtungi mlangoni, anaenda zake. Mto unakuja wenyewe."

"Na bwana akitaka chai?"

"Si mto uko mlangoni? Na yeye ana mikono."

Wa pili akacheka mpaka akakaa chini. Walubengo akaangalia ukuta atafute kichekesho kiko wapi. Hakukiona.

"Agneta atakuja," Nekoye akasema. "Lakini mtungi wake utakaa mlangoni, na maji ataleta Nyongesa."

Walubengo alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya ng'ombe. Hakuna aliyewahi kumbana kwa maji. Akatafuta mtego, asiupate, akafanya alichozoea.

"Mara mbili kwa wiki."

"Kila asubuhi."

"Tatu, mama. Atasema nini kwa vijana wenzake?"

"Kila asubuhi, mkwe. Ama karani apelekewe habari."

Akakubali. Walipoondoka alisimama mbele ya ukuta hadi Lenah akamwita kula mara mbili, bado anajaribu kujua alikuwa ameuza nini, na atamwelezaje Nyongesa.