Nafasi ya Mgeni Katika Bastola ya Baba

Kila Jumapili, akishatoka misa ya kwanza, baba alivua koti, akatandika gazeti kuukuu juu ya meza ya dirishani na kusafisha bastola yake. Sisi watoto tuliruhusiwa kukaa mlangoni, si karibu zaidi ya hapo. Dirisha lile linatazama bonde la Gare. Mpaka leo nikinusa mafuta ya cherehani naona ukungu ukipanda kutoka mashambani, na mikono ya baba ikifanya kazi polepole.

Alikuwa mfanyabiashara wa matunda. Alinunua plamu na peasi kwa wakulima wa milimani, akazipeleka Tanga na Dar es Salaam, na kurudi na fedha za watu. Kwa sababu hiyo alipewa leseni ya kumiliki bastola. Ilikuwa ya silinda, chuma cheusi kilichochujuka pembeni, muundo wa zamani hata siku aliyoinunua. Silinda ilikuwa na matundu sita. Baba aliweka risasi tano.

"Tate, hapo mbona hujaweka?" nilimuuliza siku moja, kwa Kishambaa chetu cha nyumbani.

"Hiyo ni nafasi ya mgeni."

"Mgeni anakaa kwenye bastola?" dada yangu akadakia.

"Mama yako akipika, anapika kwa kuhesabu midomo iliyomo ndani?"

Hakupika hivyo. Mama alibakiza sahani moja kila usiku, akaifunika, na mgeni asipotokea tuliigombania asubuhi. Kwa hiyo jibu la baba lilitutosha. Tulikua tukiamini kwamba heshima ya nyumba yetu ilifika hadi ndani ya silaha.

Baadaye niliajiriwa katika kiwanda cha chai huko Bulwa, upande wa pili wa milima, kutengeneza mashine za kukata na kukausha majani. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Mengine nimejifunza kwa kusoma michoro na kufungua vitu. Siku moja huko Tanga, kwa muuza vitabu vya mtumba, nilipata kitabu cha ufundi wa silaha kilichokosa jalada, nikakinunua kwa ajili ya michoro yake. Nilikisoma kwa jioni nyingi, na kila ukurasa niliona meza ya dirishani.

Nilielewa hivi. Bastola zote zinafanya jambo lile lile: kitu kigumu kinagonga kitako cha risasi. Tofauti ni nani anayekivuta kitu hicho nyuma, na kinakaa wapi wakati wa kungoja. Ziko ambazo lazima nyundo ivutwe kwanza kwa kidole gumba. Ikishavutwa, kifyatulio kinahitaji kuguswa kidogo tu, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ziko ambazo kifyatulio chenyewe kinainua nyundo na kuiachia, kwa hiyo mvuto wake ni mrefu na mzito, na uzito huo unampa mtu nafasi ya kughairi. Nyingi za kisasa hazina nyundo inayoonekana. Ndani mna pini inayosukumwa na springi, mvuto ni ule ule kila mara, na mara nyingi hakuna loki ya nje. Vizuizi viko ndani ya chuma, ila kidole kikikaa mahali pasipo pake havisaidii. Hizo za magazini, kasha la risasi linalochomekwa kwenye mpini, zina mtego mwingine: mtu huchomoa magazini akadhani amemaliza, kumbe risasi moja imebaki kwenye mtutu.

Ya baba ilikuwa ya aina ya pili, lakini ya zamani. Pini yake imeungana na nyundo. Nyundo ikilala, ncha ya pini inaegemea kitako cha risasi iliyo mbele yake. Bastola ikianguka, nyundo ikajigonga, inaweza kulia bila mtu kugusa kifyatulio. Zilizotengenezwa baadaye zina kipande cha chuma cha kuzuia hilo. Ya baba haikuwa nacho. Kinga yake ilikuwa moja tu, tundu tupu chini ya nyundo.

Nilimpigia baba simu usiku ule ule nilipolielewa hilo.

"Nimemjua mgeni wako," nikasema.

"Yupi? Leo wamekuja wawili."

"Wa kwenye bastola. Ni nyundo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Umechelewa, fundi. Lakini umefika."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningesema inaweza kulia yenyewe, mama yako angelala nayo nyumba moja? Angeitupa mtoni."

Sikumbuki kicheko chake kingine chochote kwa uwazi kama hicho. Alifariki mwaka juzi, kabla ya msimu wa plamu.

Polisi walituambia tuikabidhi bastola baada ya mazishi, kwa kuwa leseni ni ya mtu, haikai kwenye nyumba. Anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Mama aliifungia sandukuni. Siku ya kuanua matanga vitu vya baba vilitandazwa juu ya mkeka sebuleni ili vigawiwe. Katika ukoo wetu kitu cha marehemu hakitolewi kitupu. Kapu lake liliwekwa maharage, kibuyu kikajazwa maji, na koti likatiwa leso safi mfukoni. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyegawa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo bastola ilikuwa fungu langu; aliomba ufunguo kwa mama, akaitoa pamoja na kopo la risasi, akafungua silinda kama mtu aliyewahi kuwa mgambo.

"Kaka alisahau moja," akasema, akanyoosha mkono kwenye kopo la risasi.

Shemeji yangu, mlinzi huko Tanga, akainama kutazama. "Hii haina hata loki. Chuma cha makumbusho."

"Ya kwako inayo?" baba mdogo akamuuliza.

"Haina. Lakini ya kwangu ni ya kisasa, baba."

"Basi nyamaza, mkwe. Zote hazina."

Wajukuu walikuwa wakitambaa pembeni ya mkeka, juu ya sakafu ya saruji. Nikapiga goti.

"Baba mdogo, naomba usiijaze."

"Nikupe kitu cha baba yako kikiwa na pengo? Hawa watu wataondoka hapa wakisema nini?"

"Naomba uzitoe zote, nikuonyeshe."

Mama akawatoa watoto nje. Baba mdogo alizitoa zote, akahakiki, na mimi nikahakiki tena. Silinda ikiwa wazi, nikamwonyesha ncha ya pini, imechomoza hali nyundo imelala. Aliigusa kwa kidole. Akatazama saruji, akatazama risasi aliyotaka kuiweka, akairudisha koponi.

"Kumbe kaka alitembea na pengo siku zote kwa makusudi."

"Mpaka Kariakoo na kurudi."

"Na hakuniambia hata mimi." Akalifunika kopo. "Haya. Sasa unaichukua?"

Niliitaka. Sikuwa na haja ya kupiga wala kulinda kitu. Nilitaka Jumapili moja nitandike gazeti kwenye meza ile, nikae alipokaa, mikono yangu ipite ilikopita yake. Kuomba leseni nilijua namna yake. Hakuna kitu kingine juu ya mkeka ule nilichokitamani.

"Wewe unashinda Bulwa," mama akasema. "Siku hupo, nani atajua habari ya mgeni?"

Bastola za leo kinga yake imetiwa kiwandani. Kinga ya hii ilikuwa kichwani mwa baba, na baba tulikuwa tumemzika. Baada yangu ingeshikwa na mtu mwema kama baba mdogo, naye angeona pengo, na kwa upendo angelijaza.

"Inaenda polisi," nikasema. Baba mdogo akanipa koti.

Kesho yake askari wa zamu kituoni Lushoto, dada wa umri wa binti yangu, aliniamkia, akafungua silinda na kuiinua kuelekea dirishani. Matundu yote sita yalipitisha mwanga. Nilikuwa nimezoea kuona mwanga katika moja tu.

"Risasi ni hizi za kwenye kopo?"

"Ndiyo. Alikuwa anaweka tano."

Akaitazama nyundo, kisha akanitazama. "Mzee alikuwa mwangalifu," akasema, akaendelea kuandika.

Jioni mama alipika, akabakiza sahani na kuifunika. Hakuna aliyekuja. Asubuhi niliichukua, nikakaa kwenye meza ya dirishani nikiwa nimevaa lile koti, nikala taratibu. Ukungu ulikuwa bado chini bondeni.