Mayai Mawili Chini ya Mti Mchungu

Asubuhi ile Nyiransengimana alipoinuka kitandani, magoti yake yalilia mpaka kuku wa jirani wakatoka kuangalia nani anavunja kuni.

Alikuwa ameuza majani ya dawa sokoni Birere tangu soko likiwa changa. Sasa alichoka. Alichoka na kupanda, na mawe ya volkano yanayokula viatu, hata na kusikiliza habari za matumbo ya watu. Kilichomzuia kupumzika ni kimoja: mti mchungu uliokuwa ndani ya pori la hifadhi, juu ya ziwa Lac Vert, wa mwisho aliokuwa akiujua. Ganda lake liliwasaidia wazee wanaosimama nje nusu saa mkojo ukikataa kuja. Unakata viganja viwili tu, upande linakochomoza jua, unapaka kidonda mavi ya ng'ombe, kisha unauacha mti miaka miwili. Akifa bila kumwonyesha mtu, ujuzi huo utazikwa naye.

Mtu alikuwepo: mjukuu wake Bénita, mwanamke mzima, aliyeuza naye kwenye meza moja. Tatizo lilikuwa nyoka.

Nyoka huyo alizaliwa mdomoni mwa Nyiransengimana mwenyewe, mwaka ambao wachoma makala walianza kumaliza miti. Alimpa upanga wa jogoo kichwani, akamfundisha kuwika saa sita mchana, na akasema mwanaume atakayegusa mti ule, kilicho ndani ya suruali yake hakitafanya kazi tena. Mwaka wa pili watu wakawa wanamsimulia yeye mwenyewe, na nyoka amekwisha kuota mabawa.

"Koko, miye siendi kule," Bénita alisema. "Papa Twagirayezu mwenyewe alimusikia akiwika."

"Twagirayezu anasikia mengi. Ananingojea ganda, mukojo tu njo haumusikii."

"Kama ni uongo, sema ni uongo."

Hapo ndipo penye mwiba. Bénita ana mdomo wa sokoni. Akiambiwa leo, kesho Birere nzima inajua, kesho kutwa mti ni gogo.

"Unisindikize mpaka kwenye mawe ya mupaka," bibi akasema. "Mbele nitaenda peke yangu. Nyoka ananijua."

Walipanda polepole. Kila aliposimama kuvuta pumzi, alinyoosha fimbo kana kwamba amesimama kufundisha. "Ile mubirizi, ya minyoo. Ile ya maua ya zambarau, muravumba, ya kifua. Ile ya njano mama yangu alinipa jina lake, nimelisahau. Ile nyekundu, aliyeijua alikufa kwa vita. Sasa ni ua tu."

Bénita akaketi kwenye mpaka. Bibi akaingia.

Mti ulikuwa umechanua, maua madogo meupe yamejaa juu kama povu la maziwa. Chini, ganda lilikuwa limemenywa kuuzunguka wote, toka mizizi mpaka mkono wa mwanaume unapofika. Mti ulikuwa umekwisha kufa, habari tu ilikuwa haijafika juu. Na pale mizizini, juu ya jani la mgomba, yalipangwa kwa adabu mayai mawili na chupa ndogo ya kasiksi, pombe ya ndizi.

Mwizi aliamini kila neno. Alimlipa nyoka, ndipo akaanza kazi.

Nyiransengimana akakaa chini. Alitaka kulia, kikaja kicheko kidogo, kikavu.

"Bénita. Njoo. Nyoka hayuko."

"Amekufa?"

"Hakuzaliwa."

Bénita akaja, akauzunguka mti akiupapasa. Hakucheka. Akauliza, "Ulikuwa unakata wapi?" Bibi akamshika mkono, akampimia viganja viwili hewani, upande wa jua, kwenye mti ulio uchi.

Chini ya majani makavu palikuwa na miche mitatu, urefu wa kidole. Waliing'oa na udongo wake, wakaifunga kwa lile jani la mgomba. Kasiksi bibi aliinywa. Alisema mama wa nyoka ndiye mrithi.

"Watu wakiuliza ni nini?"

"Sema ni avoka."

"Avoka ya majani haya?"

"Ya Butembo. Watoto wataimwagilia kila siku wakingoja matunda."

Bénita aliweka mayai mfukoni, miche kifuani. "Na Papa Twagirayezu?"

"Umupeleke hospitali. Hii itakomaa siye wote tukiwa chini." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Pole pole, mutoto. Miye sina upande wa kukatwa tena."