Siku akina mama wa mwethya walinipandisha Nzaui na miguu yangu ya polio

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Nimeona vijana humu wakibishana kama mtu wa wheelchair anaweza kufanya hiking. Nikacheka peke yangu. Wacha niwape yangu, na nikiongeza chumvi, kuna watu wa kwetu Matiliku humu, watanirekebisha.

Ni miaka ya themanini, Makueni. Polio ilinishika nikiwa mtoto, miguu ikakataa. Kwa tambarare nilienda na magongo vizuri tu. Mlima ulikuwa wa wengine.

Sasa, youth fellowship ya kanisa letu ilikuwa inapanda mlima Nzaui kila likizo ya Agosti. Wanaimba juu, wanaomba, wanashuka kula. Nyimbo nawafundisha mimi, sauti zote. Na kila mwaka naachwa chini kulinda sweta na sufuria.

Wueh! Unafundisha watu wimbo, halafu unausikia ukitoka huko juu vipande vipande, upepo ukipenda. Iliniuma sana. Nilitaka mara moja tu niimbe nao kule.

Mwaka huo nikamwambia Kioko, chairman wetu, kwamba sufuria zitajilinda. Kioko alikuwa mtu wa mipango. Akaleta kitanda cha kamba, vijana wanne wakakiweka begani, mimi nimelala juu nimejifunika leso sababu ya jua.

Hapo ndio tulikosea.

Si mnajua kwetu kitanda begani ni nini? Watu wa njiani wakaanza kutoa kofia. Mzee mmoja akashuka baiskeli akasimama wima. Mama mmoja aliyekuwa na jembe akaanza kulia kabisa, akiuliza ni mtoto wa nani.

Nikatoa kichwa nikamsalimia. Alikimbia, jembe likabaki.

Tulicheka mpaka kitanda kikaenda upande nikaanguka kwa nyasi. Lakini mbele njia ilikuwa mawe matupu, na vijana walikuwa wamechoka, kila mmoja anaona haya kusema. Kioko akainama akaniambia polepole pengine nirudi kwa sufuria. Machozi yalikuwa hapa karibu.

Kumbe yule mama alikimbilia wenzake wa mwethya. Kwa wale hawajui, mwethya ni kundi la kusaidiana: leo tunachimba mitaro kwa shamba lako, kesho kwa langu. Wakaja wote kuona maiti inayosalimia watu.

Yule wa jembe mwenyewe alikuwa Mama Mutheu, kiongozi wao. Akaangalia kile kitanda, akauliza ni nani alisema msichana mzima apelekwe mlimani kama anaenda kuzikwa.

Akachukua mukwa wake, ule mkanda wa ngozi wanawake wanabebea maji na kuni. Gunia chini yangu kama kiti, mukwa kulizunguka mpaka kwa paji la uso wake, akainuka na mimi mgongoni. Mwingine nyuma akanishikilia, mwingine mbele akijaribu mawe kwa mguu. Nikamwambia pole mama, mimi ni mzito.

"Gunia la mahindi ndio zito," akasema. "Wewe una mdomo. Anzisha wimbo."

Wakuu, hapo ndio nilielewa mwethya. Ukichoka husemi umechoka. Unabadilisha wimbo. Wimbo ukibadilika, mwenzako anajua ni zamu yake, anaingia chini ya mukwa bila maneno.

Vijana nao wakaingia. Hata Kioko! Mwanaume na mukwa kichwani, kwetu, miaka hiyo! Akina mama walimtania mpaka akasahau kuchoka.

Pale juu kwenye mwamba mkali walinipokezana nimekaa, nikijivuta mwenyewe na mikono. Mikono ya magongo si ya mchezo.

Tukafika. Nikaona bati la kanisa letu huko chini, dogo sana. Tukaimba wimbo wangu wote, mwanzo mpaka mwisho, na mimi katikati. Nililia, Mama Mutheu akalia tena, safari hii akijua ni kwa nini.

Kurudi chini, mbuzi walikuwa wamemaliza kabeji na mkono mmoja wa sweta ya Kioko. Tulikula wali mtupu na hakuna aliyelalamika.

Mwaka uliofuata, kazi ya kulinda vitu ikawekwa kwa kura kama kazi zingine, na kura ikaniangukia mimi. Kioko akaona haya, akataka turudie. Nikakataa kabisa. Nilikaa kando ya sufuria siku nzima nikifukuza mbuzi na kucheka, kwa sababu mara hii ilikuwa zamu yangu, kama ya mtu mwingine yeyote.

Nilichojifunza: kabla upange vile utambeba mtu, muulize anataka kwenda vipi, na umpe kazi kwa safari.

Haya, wa Kitui na Makueni, nani mwingine alipandishwa na watu wake? Na kama wewe ndio ulikuwa unaachwa kwa sufuria, sema hapa chini, tukusikie.