Kompyuta Imelala, Imesahau Mzee Wangu

Leo nimeanika betri ya kompyuta juani, na maneno yote ya mazishi ya mzee wangu yamepotea.

Msinicheke, jamaa zangu. Za redio naanika kila mara na zinaamka.

Jana nilimsimulia binti yangu Wanjiru maisha ya baba yake, akayaandika kwa hiyo kompyuta ya kubeba. Kwetu Ngoliba hatuna stima. Akaifunga, akaniambia, "Mami, imelala tu. Inakula betri kidogo ndio isisahau."

Imelala na bado inakula. Hiyo ni tabia gani?

Asubuhi nikatoa betri, nikaiweka juu ya mabati. Nilipoirudisha, kompyuta ikawaka kama haijawahi kutuona.

"Mami, uliitoa betri?"

"Na wewe, mbona hukuyahifadhi kabla ya kuilaza? Ulisomea nini?"

Akalia. Mimi sijalia. Niko tu.

Sasa tuko saiba, duka la intaneti, hapa Thika, yeye anawachapia ujumbe huu. Tunazika Jumamosi. Kila mmoja wenu atume kitu kimoja anachokumbuka juu ya mzee, Wanjiru asome.

Msiningojee mimi. Yangu niliyasema jana, na leo nikifungua mdomo hakuna kitu.