Mtambo wa Juu ya Mfereji

Majirani wa Buger wamekuwa wakiniuliza nilikwenda kutafuta nini Malambo kwa wafugaji, mimi nisiye na hata ng'ombe mmoja. Nilikwenda kwa sababu ya karatasi. Baba na mama walipofariki nilikuwa darasa la sita, na shamba letu la vitunguu kule Mang'ola likabaki kwa jina la watoto watatu, mimi nikiwa mkubwa na msimamizi. Niliacha shule nikalishika. Shamba hilo limemfikisha Emanueli chuo cha ufundi umeme Arusha, na sasa linamsomesha Juliana sekondari. Mwaka huu ikaja kampuni inayotaka kuweka hapo mtambo wa hidrojeni, yaani gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua. Walitaka sahihi yangu siku ya Jumamosi. Emanueli alikuwa ameahidiwa kazi kwenye mtambo huo.

"Dada, gesi hii haina moshi," aliniambia kwenye simu. "Ukiichoma inarudi kuwa maji. Dunia nzima inaitafuta. Sisi tunasita nini?"

Redioni nilimsikia mtaalamu mmoja akisema ndiyo nishati safi ya kesho, na mwingine akasema nchi nyingi huitengeneza kwa gesi asilia, moshi ukabaki kiwandani ambako mnunuzi hauoni. Wote wawili walizungumza vizuri. Nilichojua mimi ni kwamba shamba letu ndilo la juu kabisa kwenye mfereji, karibu na chemchemi. Mwenye shamba la juu anaweza kuiba maji ya wote bila kuonekana, kwa hiyo desturi yetu ni kwamba kiangazi yeye hupata zamu ya mwisho. Baba aliishika desturi hiyo hadi vitunguu vyake vikanyauka mara mbili. Nami nimeishika.

Niliposikia kwamba Malambo kuna mtambo mdogo wa majaribio kwenye kisima cha mifugo, niliamua nikauone kabla sijashika kalamu.

Jumatano asubuhi niliondoka Buger na barua ya utambulisho ya mtendaji, sweta, na mfuko wa vitunguu vya zawadi. Pale Karatu mjini nilipata nafasi kwenye fuso linalopeleka unga na vitunguu mnadani Malambo. Dereva wake ni mtu wa Moshi ambaye kila mtu humwita Mangi. Nilimweleza safari yangu kabla hatujafika Lodoare, geti la kuingilia hifadhi, naye akaendelea kutafuna muwa.

"Vitunguu vyako vikioza navinusa nikiwa bado sijafungua turubai," alisema. "Hiyo gesi yako ikivuja utaijuaje?"

Nikamwambia wanasema haina harufu.

"Ndiyo maana nimeuliza."

Getini tulikaguliwa, tukaanza kupanda. Kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Mangi aliendesha akitoa kichwa dirishani. Watalii waliosimama pale pa kutazamia walikuwa wanapiga picha weupe mtupu. Kila kona niliushika mlango, nikafikiria kwamba nikianguka huku, nani atasimama Jumamosi mbele ya wale watu wa kampuni. Mangi akaniambia niuachie mlango, maana hata ukifunguka hautanisaidia.

Mchana tuliteremka upande wa pili, kwenye jua na vumbi. Tuliacha barabara ya Serengeti tukashika njia ya Malambo. Nyasi zilikuwa zimeisha. Tulipita makundi ya ng'ombe yaliyokuwa yakitembea bila kuinua vichwa, na nikajua kwamba mashaka niliyotoka nayo nyumbani hayapungui.

Jioni, kabla jua halijazama, tulifika. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Naserian, ambaye amenunua vitunguu vyangu na kuviuza mnadani kwa miaka mingi. Alinisalimu kwa lugha ya kwao, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," kama alivyonifundisha mwenyewe Mang'ola. Akauliza nimefuata ng'ombe au nimefuata mume. Nilipomwambia nimefuata mashine, alicheka hadi shanga zake zikalia.

"Katika hivyo vitatu umechagua kinachokula vibaya zaidi," alisema.

Nilimwomba anieleze, lakini akasema nikaone kwanza, nisije nikasema amenitia maneno.

Alhamisi asubuhi tulikwenda kisimani. Paneli za sola zilikuwa ndani ya uzio, na katikati kilisimama chumba cha bati kinachonguruma polepole. Fundi Hamisi, mtu wa Tanga mwenye mvi, alinipokea kwa heshima alipoona barua ya mtendaji. Alinionyesha bomba la maji linaloingia, na mitungi ambamo gesi inajazwa. Kwa sasa gesi hiyo inaendesha jenereta ya zahanati jua likizama. Nilimuuliza kama ni kweli, kama watu wasemavyo, kwamba kuitengeneza kunapoteza umeme.

"Kweli," alisema. "Ukiwa na waya, mama, tumia waya. Umeme unaoingia humu si wote unaotoka. Hii ni ya mahali ambapo waya haufiki, na ya saa ambazo jua halipo. Anayekuambia inafaa kwa kila kitu anauza kitu."

Nilimwamini hapo hapo, na hilo likaniongezea wasiwasi, kwa sababu mtu mkweli ni vigumu kumkatalia.

Nilipotaka kusogelea mitungi alinizuia kwa mkono. Akachukua ufagio wa nyasi uliokuwa umeegemea ukuta, akatembea mbele yangu akiunyoosha kama kipofu na fimbo yake. Alieleza kwamba kifaa cha kunusa gesi kimepelekwa Arusha kutengenezwa, na moto wa hidrojeni mchana hauonekani. Ili niamini, alifungua kichomeo kidogo cha kujaribia kilichokuwa mbali na mitungi, akakiwasha. Niliangalia sikuona kitu, hewa tupu. Akapeleka ncha ya ufagio pale penye hewa tupu, na nyasi zikashika moto.

Mama Naserian alikuwa ameshauona mchezo huo. Nilimwona Emanueli akilini mwangu akitembea kila siku mbele ya mitungi ya namna hiyo, na mimi ndiye niliyetia sahihi.

Fundi alisema akishapata kifaa chake hakuna hatari kubwa kuliko ya gesi ya kupikia, na pengine ni kweli. Nikauliza lile lililonileta: mtambo unakunywa maji kiasi gani. Akanionyesha kipimo chake, nami nikalinganisha na majaruba yangu ya vitunguu ninayoyajaza kila zamu.

"Heka yako moja ya vitunguu inakunywa zaidi ya mtambo huu," alisema.

Nilihesabu mara mbili. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima nikidhani nitakuta kitu kinachomaliza kisima, na nikakuta kitu kinachokunywa kidogo kuliko mimi. Nilisimama pale nikijisikia mjinga, huku nikijua kwamba nikirudi na jibu hilo sina tena sababu ya kukataa.

Ndipo Mama Naserian akanivuta hadi kwenye birika la kunyweshea. Alieleza kwamba ng'ombe hunywa boma kwa boma, kwa zamu, na kiangazi hakuna anayeruka zamu hata awe na ng'ombe wengi vipi. Asubuhi moja zamu ya boma lake ilifika, akakuta maji yamebaki kidogo sana birikani. Mtambo ulikuwa umejaza tangi lake kwanza. Ng'ombe wakangoja hadi jua likapinda, kisima kilipojaa tena.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Lakini walisimama hapa na kiu, wanasikiliza mashine inakunywa. Angekuwa jirani yangu ndiye aliyefanya hivyo, tungemketisha mbele ya wazee akatoa dume la faini. Mashine utaiketisha wapi?"

Nilirudi kwa Fundi Hamisi nikamuuliza kama mtambo unaweza kungoja. Akasema yeye alifundishwa kuuwasha na kuulinda, na habari ya kungoja ng'ombe haimo kwenye kitabu chake.

Ijumaa tulirudi njia ile ile na Mangi, fuso likiwa tupu na likirukaruka. Aliniuliza nimeamua nini. Nikamwambia gesi si mbaya na maji si mengi.

"Basi mbona umekunja uso hivyo?"

Tulipopita Lodoare nikamwambia kwamba baba hakunyimwa maji ya kwanza kiangazi kwa sababu alikuwa anakunywa mengi. Alinyimwa kwa sababu alikuwa juu.

Jumamosi nilikuwa Mang'ola mapema. Kamati ya mfereji ilikaa, mwakilishi wa kampuni akafungua mkoba, na Emanueli alikuwa amekuja kutoka Arusha akiwa amevaa shati jeupe. Niliomba mstari mmoja uongezwe kwenye mkataba: kiangazi mtambo utashika zamu ya mwisho, kama shamba la juu lilivyoshika siku zote. Mwakilishi, mtu mpole, alisema mkataba umeandikwa ofisini na haubadilishwi shambani, tena maji yenyewe ni kidogo mno kuyagombania.

"Kama ni kidogo," nilisema, "kuyangojea hakutawaumiza."

Niliandika ule mstari kwa mkono wangu kwenye nafasi ya chini, kwa mwandiko wa darasa la sita, nikaacha mahali pa sahihi patupu, nikarudisha kalamu. Alichukua karatasi akasema watajibu. Emanueli alitoka bila kuniaga, akasimama kwenye malori ya vitunguu akinipa mgongo hadi gari la Karatu lilipomchukua.

Sijui kama nimewafungulia wadogo zangu mlango au nimewafungia. Nilichojifunza Malambo ni kwamba nilikuwa naogopa kitu kisicho chenyewe: si kiu ya mtambo, bali aliye juu asiyengoja zamu. Tangu siku ile, gari likisimama juu ya mfereji, naacha jembe nikatazame nani anashuka.

Kampuni haijajibu. Aliyejibu ni Emanueli, baada ya wiki tatu za kimya, kwa ujumbe wa simu ambao nimeusoma mara nyingi:

"Dada, nimemuuliza mwalimu wangu wa chuoni. Mtambo unaweza kupangiwa saa za kuzimika. Ni swichi tu. Wangetaka, wangeuandika ule mstari wako siku ile ile. Zamu yetu ni lini? Nije kufungulia maji."