Siku Mama Pindo Alipoifungua Redio ya CD

Katika miaka thelathini ya ushonaji, Mama Pindo alikuwa amefungua na kufunga cherehani nyingi hata hesabu ikampotea. Watu walimpa jina hilo kwa sababu pindo lake halikuwahi kwenda kombo. Lakini redio hakuwahi kuigusa. Umeme aliuogopa kama nyoka.

Kilichombadilisha ni ubishi wa nyumbani. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyehamia kwao alipostaafu ukarani, alikuwa akidai kila siku kwamba ujanani aliimba na bendi, tena mbele kabisa, kipaza sauti mkononi. Nyumba nzima ikambandika jina la Kasuku. Ushahidi wake ulikuwa CD moja tu, iliyonakiliwa kutoka kanda iliyorekodiwa ukumbini siku bendi ilipotumbuiza, na CD yenyewe ilikuwa imenasa ndani ya redio kubwa nyeusi iliyogoma kufungua droo yake, huu mwaka wa tisa. Fundi redio wa mtaani aliitupia jicho mara moja akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa, mama. Iwekeeni maua juu, ipendeze."

Jumamosi moja, wakiwa kwenye chai ya asubuhi, mke wa mwanawe, bado mgeni mgeni nyumbani hapo, aliuliza kwa upole, "Shangazi, kweli ulikuwa unaimba, au ulikuwa unawabebea vyombo?"

Mama Pindo alicheka hadi chai ikampalia. Kisha akamtazama wifi yake. Kasuku hakucheka. Alikuwa anakunja pembe ya kitambaa cha meza, anaikunjua, anaikunja tena.

"Basi leo ukweli utajulikana," Mama Pindo akasema, akisukuma vikombe pembeni. "Mkwe, niletee bisibisi. Ile ya cherehani."

Kwanza alichomoa waya wa umeme akautia mfukoni, mtu asije akauchomeka kwa kiherehere. Akafungua skrubu tisa, akazipanga kwenye kisahani kwa jinsi zilivyotoka. Kifuniko kilipoinuka, vumbi likapaa, wote watatu wakapiga chafya. Mama Pindo akainama, akatazama. Halafu akapiga kofi pajani.

"Jamani! Mbona hii ni cherehani tu! Mota hii hapa, gurudumu hili, na huu ndio mkanda wake!"

Mkanda ulikuwa umelegea kama mpira wa soksi kuukuu. Aliirudisha redio kwenye umeme, mikono akaificha nyuma, akamwambia mkwe abonyeze kitufe cha droo. Mota ikavuma. Gurudumu halikuwa na habari.

"Umeona? Mmoja anaita, mwenzake haitiki."

Wakachomoa waya, wakajaribu mpira wa kufungia mifuko ya jikoni. Ukateleza ukaruka hadi kwenye sukari. Hapo Mama Pindo akakumbuka tyubu kuukuu ya baiskeli iliyoning'inia nyuma ya mlango. Akaikata kwa mkasi wake wa kazi, mkato mmoja huku na mmoja huku, kikatoka kipete chembamba cha mpira, upana sawa mzunguko mzima. Akakivisha pale pa mkanda taratibu kwa ncha ya sindano, akachomeka waya tena.

"Bonyeza."

Droo ikatoka yote, shwaaa! Wakapiga kelele mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kama kuna msiba.

"Hakuna msiba!" Mkwe akajibu. "Droo imefunguka!"

CD ilikuwa humo, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Kasuku akaishika kwa vidole viwili kama yai. Waliifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, wakairudisha. Ikazunguka kidogo, ikasimama. Kioo cha redio kikaandika kwamba hakuna kitu ndani.

"Hakuna kitu!" Kasuku akafoka. "Yaani mimi si kitu?"

"Tulia, wifi. Haijakuona tu. Jicho lina vumbi."

Waya ukarudi mfukoni. Mama Pindo akasokota pamba kwenye kijiti, akaichovya kwenye spiriti, akalifuta jicho la kusomea, kitone cha kioo kisichozidi kishikizo cha shati la mtoto. Akajaribu kulisogeza kwenye reli yake, likagoma. Grisi ilikuwa imeganda kama nta ya mshumaa. Akaifuta yote, akaweka tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu. Jicho likateleza bila kinyongo.

Waya ukachomekwa. CD ikazunguka, ikaongeza kasi, na kwenye kioo ikatokea namba saba.

"Nyimbo saba!" Mkwe akaruka. "Mama, inasoma!"

"Weka wa tatu," Kasuku akasema kwa sauti ndogo.

Magitaa yakaingia, ngoma zikafuata, mara sauti ya msichana ikapasua, nyembamba na ya kujiamini, kabla ya wakati wake kabisa. Bendi ikavurugika, ikasimama. Ukumbi mzima ukasikika ukiangua kicheko, na msichana naye akicheka kuliko wote.

Kasuku alikuwa ameficha uso kwa kitambaa cha meza. "Mnadhani kwa nini miaka tisa sikuwasumbua muitengeneze?"

Lakini wimbo ulikuwa unaanza upya. Safari hii sauti ilingoja, ikaingia pale pale, ikajaa chumba kizima, ikapanda mahali ambapo hakuna aliyetarajia, ikakaa huko juu bila kutetereka. Mkwe akaacha mdomo wazi.

"Shangazi, ni wewe huyu?"

"Ni mimi. Na yule wa kwanza pia ni mimi."

"Nisamehe, shangazi. Rudisha basi, tusikie tena!"

Waliurudisha mara tano. Mara ya tano Kasuku alikuwa amesimama, kijiko mkononi, anaimba sambamba na ujana wake, na kila walipofika kwenye kosa walikosea wote watatu kwa makusudi.

Mama Pindo hakuketi. Damu ilikuwa inamchemka, vidole vinanukia mafuta, na macho yake yakazunguka chumba kizima, saa ya ukutani, feni, taa. Mwishowe yakatua kwenye pasi yake inayounguza upande mmoja.

"Mkwe," akasema, "hebu nipe tena hiyo bisibisi."