Mchanga wa Keki

Nina sufuria moja kuukuu, imebonyea ubavuni, ambayo haipikiwi wali wala mchuzi. Kazi yake ni kukaa na mchanga. Unauchota pwani, unauosha mpaka chumvi yote itoke, unauanika, kisha unaumwaga ndani ya sufuria na kuubandika jikoni upate moto. Sufuria ndogo yenye unga wa keki unaiketisha juu ya mchanga, unafunika, na juu ya kifuniko unapanga makaa mengine. Hapa Ngamiani, Tanga, wengi tusio na oveni tunaoka hivyo, na keki zetu hazina aibu. Mchanga wangu ulikuwa umekaa miaka hata ukawa mweusi. Sikuwa radhi kuubadili, maana mchanga mpya hushika moto upande mmoja na keki inatoka imepinda.

Siku waliyokuja kumchukua binti yangu, sufuria hiyo ilikuwa jikoni.

Nasema binti yangu kusudi. Alizaliwa na mdogo wangu, ambaye Mungu alimchukua wakati mtoto hajaota hata jino. Baba yake alimleta kwangu amemfunga katika kanga, akanywa chai, akarudi kwao Pangani. Tangu hapo Sikukuu zilikuja zikapita, mtoto akaugua surua, akapona, akaanza shule, akahitimu juzuu yake ya kwanza chuoni, na baba mtu hakutuma hata gauni. Kisha akaoa. Mke akajifungua, akajifungua tena. Na binti yangu alipofika umri wa kuweza kubeba mtoto mgongoni na kufua nguo bila kusimamiwa, ndipo shemeji yangu akakumbuka kwamba ana mwana Tanga. Ati damu imemwita. Damu gani hiyo inayongoja mtoto ajue kufua nepi ndipo iite?

Niliyasema hayo mbele ya mume wangu. Akanijibu huku anaangalia sahani yake, "Mtoto ni wa kwa baba yake, mke wangu. Sisi tulikuwa walezi tu." Wazee wa upande wetu nao wakasema vivyo hivyo. Kuzaa si kazi, kazi kulea mwana: maneno hayo watu huyasema harusini wakiwa wameshiba pilau. Siku ya kumgombea mtoto humsikii mtu akiyatamka. Nilikasirika hata nikawa naosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Tukakubaliana, mimi na binti yangu, kwamba kabla hajaondoka tutaoka keki. Akataka iwe samaki. Mwanangu wa kiume, mdogo kuliko yeye, akataka iwe gari, lakini akashindwa kura kwa sababu anayeondoka ndiye aliyepewa uamuzi. Samaki ni rahisi. Unaoka keki ya duara, unakata pembe moja kama kipande cha pizza, pale palipokatwa panakuwa mdomo, na kile kipande unakigeuza unakipachika nyuma kiwe mkia.

Asubuhi hiyo walikaa mkekani uani, bakuli katikati yao. Mdogo alipiga mayai na sukari kwa uma mpaka mkono ukamchoka, dada yake akampokea. Walichekecha unga ukawaingia kwenye nyusi. Binti yangu ndiye aliyeponda hiliki, na ndiye aliyepima moto wa mchanga kwa kuweka kiganja juu yake bila kuugusa, kama nilivyomfundisha. "Umeiva, Mama," akaniambia. Nikaketisha sufuria ndogo, nikafunika, nikapanga makaa juu. Nikawaonya kama kawaida kwamba mtu asifunue, asiguse, asipite na kishindo.

Shangazi wa binti yangu, aliyetumwa na baba mtu kuja kumchukua, akabisha hodi keki ikiwa bado changa motoni. Mtoto akamwamkia shikamoo, akamletea maji. Mwanamke mwenye maneno laini, sikatai. Alinikumbatia, akaniita wifi, akaniambia Mungu atanilipa. Nikamjibu kwamba Mungu simdai, ninaowadai ni wao. Akacheka kidogo, akadhani natania.

Nikaingia ndani kukunja sare za shule ambazo sikujua kama huko zitavaliwa. Niliporudi uani nilikuta harufu ya udi. Shangazi mtu alikuwa amechuchumaa, ametandaza magauni ya mtoto juu ya tenga, na chini ya tenga chetezo kinafuka moshi. Ada naijua, hata mimi nimelelewa nayo: mtoto wa kike harudishwi kwa baba yake nguo zake zikinuka moshi wa jiko. Lakini macho yangu yakaenda kwenye jiko. Kifuniko cha keki kilikuwa kitupu, kimebaki na majivu tu. Alikuwa ameyachukua makaa yote ya juu, akayatia kwenye chetezo chake.

"Wifi," nikasema, "makaa yale ulidhani yamekaa pale kupumzika?"

"Nimeona ya chini yapo, wifi. Nikasema haya ya juu ni ya ziada."

Ya ziada! Mwanamke wa pwani, mtu mzima, aliyekua akioka keki na vitumbua na mikate ya ufuta, haoni kwamba makaa ya juu ndiyo yanayoiinua keki? Aliona. Ila alikuwa na haja yake, na mtu mwenye haja yake huona cha mwenziwe ni cha ziada. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, majirani wakasikia. Nikamwambia kwamba ndivyo walivyofanya na mtoto. Wamekuta moto umewashwa, umepulizwa na mtu mpaka macho yakamtoka machozi, wao wanachota tu kwenda kufukiza kwao. Mume wangu akatokeza kichwa mlangoni, akakirudisha ndani. Mwanangu akaanza kulia. Shangazi mtu bado ameshika gauni mkononi.

Binti yangu hakulia. Alichukua koleo, akayatoa makaa kwenye chetezo moja moja, akayarudisha juu ya kifuniko, akayapuliza. Hakumwangalia mtu yeyote. Ile namna yake ya kutomwangalia mtu ilinikasirisha kuliko yote, maana nilijua ameanza mazoezi ya kuishi katika nyumba isiyo yake.

Keki ilipotoka ilikuwa imeiva, lakini imetitia katikati kama godoro la gesti. Nilitaka kuwarushia kuku. "Tumgeuze, Mama," akasema. "Chini yupo sawa." Tukamgeuza. Kweli, upande wa chini ulikuwa umenyooka, wa kahawia, mzuri. Akakata mdomo, akapachika mkia. Tukakoroga siagi na sukari ya unga, tukatia rangi ya biriani, samaki akawa wa machungwa. Mdogo akabandika zabibu kavu ya jicho, akaila, akabandika nyingine. Dada yake akachukua kijiko cha chai, akawa anakididimiza ncha kwa ncha, mstari juu ya mstari, mpaka samaki mzima akawa na magamba. Shangazi yake alisogea kutazama, akasema mashallah. Nikamkatia mkia, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata ukimchukia. Akaula wote, akalamba vidole. Nilitamani umkwame.

Baada ya alasiri shangazi akasema gari la Pangani halingoji. Begi likatolewa. Binti yangu akaomba tumsubiri kidogo, akarudi uani. Akakawia. Nikamfuata, nikamkuta amepiga magoti mbele ya sufuria kuukuu, anachota mchanga kwa kikombe na kuutia kwenye mfuko mtupu wa unga. Ulikuwa bado una joto.

Shangazi yake alikuwa nyuma yangu. Akacheka, kwa upole wake. "Mchanga, mwanangu? Kwetu Pangani mchanga tele, unakufuata mpaka kitandani."

"Huo wa kwenu haujazoea moto, shangazi," akamjibu. "Huu umeshazoea."

Nikachukua kikombe mkononi mwake, nikachota mimi mpaka sufuria ikabaki tupu. Nikaufunga mfuko kwa ukanda wa kanga yangu, nikakaza fundo. Binti yangu akanyoosha mikono aupokee. Sikumpa. Nikamwekea shangazi yake kifuani, ikabidi aukumbatie usimwangukie miguuni.

"Mzito huu, wifi," akasema.

"Ni mzito," nikamwambia. "Ubebe wewe. Yeye mmeshamwekea vya kubeba."